Pikipiki Katika Nchi za Joto: Upepo Huipoza Injini, Humchoma Mpandaji

Siku ya Jumamosi, tarehe 6 Julai, 2024, wapanda pikipiki sita walikuwa wakisafiri pamoja katika bonde la Badwater, ndani ya hifadhi ya taifa ya Death Valley katika jimbo la California, nchini Marekani. Jina la hifadhi hiyo maana yake ni Bonde la Mauti, na Badwater ndipo mahali pa chini kuliko pote katika Amerika ya Kaskazini, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Siku hiyo joto lilifika nyuzi 53 za sentigredi. Mmoja wa wasafiri hao alifariki dunia kwa ajili ya joto. Wa pili alizidiwa, akakimbizwa hospitali katika mji wa Las Vegas. Wanne waliosalia walitibiwa papo hapo, kisha wakaruhusiwa kwenda zao. Helikopta ya wagonjwa haikuweza kuja, kwani hewa yenye joto kubwa kiasi hicho huwa nyepesi mno, na mapanga ya helikopta hukosa cha kushika.

Mtu aliyewahi kuona pikipiki ikizimika njiani katika jua la saa saba mchana angetazamia kwamba habari ya namna hii ianze na injini: kwamba chombo kiliharibika, wasafiri wakakwama, ndipo jua likawapata. Lakini wakuu wa hifadhi walipotoa taarifa yao hawakuzungumzia injini. Walieleza kwamba katika joto kama lile mtu aliye juu ya pikipiki hawezi kupozwa na upepo wa mwendo, na kwamba mavazi mazito anayoyavaa ili kujikinga na ajali humzidishia taabu.

Jambo hilo linafaa kufikiriwa kwa makini hata na watu ambao hawataiona California maisha yao yote. Pikipiki, ambayo zamani ilikuwa chombo cha bwana shamba, mganga wa zahanati na padre wa misheni, leo hii inabeba abiria, wagonjwa, magunia ya mkaa na watoto wa shule katika kila wilaya ya Afrika ya Mashariki. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda tangu siku za baiskeli, nalo limeenea hadi kwenye nchi kavu za Turkana, Garissa na Ugogo, ambako jua halina huruma. Mwenye chombo huko anayo mashine mbili za kuzilinda na joto, yaani injini na mwili wake mwenyewe, na mashine hizo mbili hazifuati kanuni moja.

MOTO ULIOMO NDANI

Watu wengi husema kwamba injini imekufa kwa jua. Kwa hakika jua peke yake ni adui mdogo. Petroli inapowaka ndani ya silinda, gesi yake huweza kupita nyuzi 2,000 za joto. Pistoni inayoipokea gesi hiyo imetengenezwa kwa aluminiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ikiwa pistoni haiyeyuki ni kwa sababu moto ule huigusa kwa muda mfupi sana, na joto lake hupita upesi kwenye ringi, likaingia kwenye ukuta wa silinda, kisha likatoka nje kwa njia ya yale mabamba membamba ya chuma yaliyopangwa kama mapezi ya samaki kuizunguka silinda. Kazi ya mapezi hayo ni kuupa upepo mahali pengi pa kugusa.

Sasa na ifanywe hesabu kidogo. Chuma cha kichwa cha silinda, pikipiki inapokuwa kazini, huweza kufika nyuzi 200. Katika hewa ya nyuzi 30, tofauti kati ya chuma na hewa ni nyuzi 170. Katika hewa ya nyuzi 45, tofauti hiyo ni nyuzi 155. Hivyo joto la mchana limeipunguzia injini chini ya sehemu moja ya kumi ya nafuu yake. Hiyo ni hasara, lakini si hasara ya kuiua. Upepo ukikoma, nafuu karibu yote huondoka.

Ndiyo sababu injini nyingi hufa mahali ambapo dereva hakupatilia shaka. Hufa katika mchanga mwingi, dereva akiwa gia ya kwanza, mkono umevuta petroli hadi mwisho na pikipiki ikienda mwendo wa mtu anayetembea. Hufa katika mlima mrefu, chombo kimebeba watu watatu na gunia. Hufa katika foleni ya mjini, au nje ya duka ambapo mwenyewe ameiacha ikinguruma huku akizungumza na rafiki yake. Tena hufa kwa upepo wa mgongoni. Huu wa mwisho wengi hawauelewi: pikipiki ikienda kilometa 30 kwa saa na upepo ukavuma kutoka nyuma kwa mwendo ule ule, mapezi ya silinda yamesimama katika hewa tulivu kama kwamba chombo kimeegeshwa, ilhali ndani moto unawaka kwa nguvu zote. Vumbi linaloandamana na pikipiki wala halibaki nyuma ndiyo dalili yake. Dereva mwenye busara akiona hivyo hugeuza chombo kielekee upepo, akazima injini, akaiacha ipumue.

Mapezi yenyewe nayo yatazamwe. Oili ikivuja kidogo na kukutana na vumbi hufanya utando mgumu kama masizi ya chungu, na utando huo huzuia joto lisitoke. Mtu anayeisugua tangi yake mpaka ing'ae kama kioo na kuyaacha mapezi yamejaa tope ameosha mahali pasipohitaji.

OILI NA SAMLI

Mama wa nyumbani anaijua tabia ya oili kuliko anavyodhani. Samli ikiwa imekaa mahali pa baridi huwa nzito, hata kijiko husimama. Ikiwekwa juu ya kikaango hutiririka kama maji. Oili ya injini nayo ni vivyo hivyo. Kazi yake ni kutandaza ngozi nyembamba kati ya chuma na chuma visigusane, na ngozi hiyo hupungua unene kadiri joto linavyozidi. Ndipo viwanda vikaweka namba katika makopo. Zamani dereva alinunua oili nyepesi ya namba 30 kwa majira ya baridi na nzito ya namba 50 kwa majira ya joto. Siku hizi ipo ile iandikwayo 20W-50, ambayo huwa nyepesi asubuhi lakini haipungui uzito sana mchana. Kitabu kinachouzwa pamoja na chombo hueleza oili inayofaa, na neno la kitabu lifuatwe kabla ya neno la muuza duka.

Hata hivyo namba si kitu kama oili yenyewe haitoshi. Pikipiki ndogo nyingi zinazotumika katika nchi zetu huchukua oili ya lita moja hivi tu. Injini iliyochakaa, ikifanya kazi siku nzima katika joto, huweza kuunguza kikombe kizima bila kutoa moshi wa kutisha. Kikombe kimoja katika lita moja ni kama robo ya oili yote, na oili hiyo ndiyo pia inayochukua sehemu ya joto la pistoni na kulipeleka chini. Kwa hiyo kijiti cha kupimia kichomolewe kila asubuhi, chombo kikiwa kimesimama wima mahali palipo sawa. Kazi hiyo haichukui hata muda wa kunywa chai.

Joto likizidi ndani ya silinda, aluminiamu ya pistoni hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma cha silinda. Nafasi iliyokuwapo kati yao, ambayo hata mwanzo haikuzidi unene wa unywele, hutoweka. Pistoni hunasa. Kabla ya hapo injini huwa imekwisha kutoa taarifa: nguvu hupungua ingawa mkono haujalegea, harufu ya oili iliyoungua hupanda, na husikika mlio wa kugonga, kama changarawe zikitikiswa ndani ya debe. Dereva anayesikia mlio huo akaongeza petroli ili afike mapema hatafika. Pistoni inaponasa, gurudumu la nyuma husimama ghafula na kuanza kuburuza, na hapo usalama wa mtu uko katika vidole vinne vya mkono wa kushoto: avute klachi mara moja, aache chombo kiserereke hadi pembeni.

Baada ya hapo ni subira. Maji yasimwagwe juu ya injini yenye moto, kwa kuwa chuma kilichopozwa kwa ghafula hupinda au kupasuka, kama kikombe cha bilauri kinavyopasuka kikitiwa maji ya moto. Injini iachwe kivulini nusu saa au zaidi, kisha gia iwekwe huru na kiki ikanyagwe kwa mkono au kwa mguu, polepole. Mara nyingi pistoni huachia. Lakini isidhaniwe kwamba hakuna kilichotokea. Silinda imekwaruzwa, na chombo kiende taratibu mpaka kwa fundi.

PETROLI NA UBAHILI WAKE

Kuna ugonjwa mwingine wa joto ambao hauvunji kitu lakini humchosha mtu. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka hata kabla ya joto la maji ya kuoga, na mpira wa petroli unaopita karibu na silinda ukipata moto, mapovu hujaa ndani yake. Injini hukohoa, hutetemeka, huzimika. Baada ya dakika 20 kivulini huwaka tena kama kwamba haikuugua. Kitambaa kilicholowa maji kikifungwa juu ya mpira huo na juu ya kabureta husaidia, kwa sababu zile zile zinazoufanya mtungi uyapoze maji.

Walakini, kabla ya kuyalaumu mapovu, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Katika kifuniko hicho mna kitundu kidogo cha kuingizia hewa. Vumbi likikiziba, petroli hushindwa kushuka, na injini huzimika kwa dalili zile zile. Kifuniko kikifunguliwa na ikasikika hewa ikivutwa kwenda ndani kwa mlio wa kunyonya, ugonjwa umejulikana, na dawa yake ni pini. Ni safari ngapi zimevunjika, na kabureta ngapi zimefunguliwa barabarani na skrubu zake kupotea mchangani, kwa sababu ya kitundu kisichopita punje ya mtama!

Wako pia wenye desturi ya kumwambia fundi aibane kabureta ili chombo kile petroli kidogo. Wenye chombo wanaohesabu shilingi hawawezi kulaumiwa kwa kutafuta nafuu, ila nafuu hii ni ya kukopa. Petroli inayoingia katika silinda huchukua joto inapogeuka kuwa mvuke, na hivyo hupoza. Mchanganyiko wenye hewa nyingi na petroli kidogo kupita kiasi huunguza zaidi. Plagi husema kweli. Ikichomolewa na ncha yake kuonekana nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa ya rangi ya kahawia, mambo ni sawa. Ikiwa nyeupe kama mfupa, injini inaungua, na fedha iliyookolewa katika petroli itadaiwa siku ya kununua pistoni.

Katika majira ya joto tangi isijazwe hadi mdomoni. Petroli hutanuka kwa karibu sehemu moja ya mia kila joto linapoongezeka nyuzi 10, na tangi iliyojazwa alfajiri hufurika ikisimama juani adhuhuri, ikadondokea injini yenye moto. Aidha, lile dumu la akiba linalowekwa pembeni mwa jiko au chini ya kitanda cha watoto liondolewe humo leo hii. Mahali pake ni nje, kivulini, mbali na moto wowote.

WANAWAKE WAWILI NA PANTHER MOJA

Kwamba injini huweza kufa kwa moto wake yenyewe, hata jua likiwa la kiasi, kulidhihirika katika safari moja iliyofanywa miaka mingi iliyopita. Tarehe 11 Desemba, 1934, wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki wakikusudia kufika Cape Town. Wote wawili walikuwa waendeshaji hodari. Blenkiron, mwaka ule ule wa 1934, alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa nyota ya dhahabu ya uwanja wa Brooklands kwa kuuzunguka kwa mwendo unaopita maili 100 kwa saa, na Wallach aliipata nyota kama hiyo mwaka 1939.

Chombo chao kilikuwa Panther, pikipiki iliyotengenezwa Cleckheaton katika Yorkshire, yenye silinda moja kubwa ya sentimita za ujazo karibu 600, iliyolala kwa mbele badala ya kusimama wima. Kwa upande mmoja kilifungiwa kigari cha abiria, na nyuma kikaburuta trela ya mizigo. Basi silinda moja, iliyopozwa kwa upepo tu, ilitakiwa kuvuta mwanamke wa pili, mahema, vyombo vya kupikia, maji, petroli na vipuri, kuipita Sahara kutoka Algeria. Magurudumu matano yalikuwa yakizama mchangani kwa pamoja. Wanawake hao hawakuwa hata na dira.

Waliingia jangwani katika majira ambayo Sahara haijawa tanuri. Sahara ya Januari si ile ya Juni, na usiku wake ni wa kutetemeka kwa baridi. Lakini mchanga haujui majira. Ni mwendo wa taratibu usio na upepo, injini ikilia saa baada ya saa, na vumbi laini likiingia kila penye upenyo likasaga chuma kama msasa. Mtu angeweza kutafuta mwezi wa baridi kuliko yote na bado injini ingekuwa na kiangazi chake. Kabla ya kuufikia mji wa Agadez, ambao leo umo katika nchi ya Niger, injini ya Panther iliharibika, na huko Agadez wanawake hao ikawabidi kuifungua na kuiunda upya.

Yeyote aliyewahi kuifungua injini chini ya mti anajua maana ya kazi hiyo mahali ambapo upepo mmoja hutosha kuufukia mchangani ushindi wa siku nzima. Kila kipande hufutwa, huwekwa juu ya kitambaa, hufunikwa. Hakuna gereji ya kukimbilia wala duka la spea. Wallach alikuwa amesomea uhandisi, na huenda hakuna cheti kilichowahi kupimwa kwa ukali zaidi.

Injini ilikubali. Kutoka Agadez waliendelea kusini, wakaingia katika nchi za misitu ambako adui hakuwa mchanga tena bali tope, wakafika Afrika ya Mashariki. Katika Tanganyika lilitokea jambo ambalo hata leo huwachekesha wanaolisimulia: baada ya siku nyingi za kuwa peke yao barabarani, waligongana na gari, gari pekee walilokuwa wameliona kwa muda. Hata hilo halikuwarudisha. Tarehe 29 Julai, 1935, baada ya siku 230, Panther iliingia Cape Town.

MTUNGI JUU YA PIKIPIKI

Hapo inafaa kurejea kwa wale sita wa Badwater na kuuliza kwa nini upepo uliwadhuru.

Mwili wa mtu ni injini inayotaka kukaa kwenye nyuzi 37, wala haikubali zaidi ya nyuzi chache juu yake. Ngozi ina joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi. Hewa ikiwa na nyuzi 25, upepo wa mwendo huchukua joto la ngozi na kwenda nalo, na mpandaji huona raha. Hewa ikipita nyuzi 35 mambo hugeuka: upepo huleta joto badala ya kulichukua, kama hewa inayotoka mdomoni mwa tanuri ya mwoka mikate. Injini yenye nyuzi 200 bado inaiona hewa ya nyuzi 50 kuwa baridi. Mwenye injini hana bahati hiyo. Kadiri anavyokimbia ndivyo chombo kinavyoshukuru na yeye anavyoungua.

Kinachombakizia uhai ni jasho. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuwa unyevu unaopenya nje hukauka na kuondoka na joto. Mwili hufanya kazi kwa namna iyo hiyo. Pwani, katika Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa imejaa maji, jasho hukataa kukauka, likachuruzika bure, na mtu hujua wazi kwamba ametota. Katika nchi kavu hatari imejificha, maana jasho hukauka kabla halijaonekana. Mpandaji hushika shati lake, akalikuta kavu, akadhani hatoki jasho, na huku anapoteza lita moja ya maji kwa saa au zaidi. Mtungi unapokauka haupozi tena.

Kwa sababu hiyo kijana anayevua koti na kufungua kifua ili apigwe na upepo, hewa ikiwa ya nyuzi 42, anajidhuru. Watu wa jangwani, waliozaliwa humo, hujifunika kanzu pana na kilemba kuanzia utosini hadi kifundoni, na hawafanyi hivyo kwa pambo. Nguo ya ndani iloweshwe maji, nguo ya nje ifungwe ili upepo upenye kidogo kidogo tu, na leso iliyolowa izungushwe shingoni. Hivyo mpandaji huwa amejitengenezea mtungi wake. Maji yanywewe kabla ya kiu, pamoja na chakula chenye chumvi, na sehemu ya maji ibebwe mwilini badala ya kuachwa yote katika mizigo, kwa kuwa mtu akianguka huweza kutengana na chombo chake.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kichwa kuuma, kichefuchefu, hasira isiyo na sababu, na makosa madogo madogo ya uendeshaji: kusahau gia, kukosa kona, kutoelewa swali. Aliye katika hali hiyo mara nyingi hukana kwamba anaumwa, kwa hiyo mwenzake ndiye aamue. Alazwe kivulini, avuliwe mavazi mazito, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, bila kungoja, na apelekwe hospitali. Kama hana fahamu asinyweshwe kitu. Maji ambayo ni marufuku kumwagiwa injini ndiyo yanayomwokoa mtu.

SAA ZA KUSAFIRI

Kwa kuwa injini inataka upepo na mpandaji anaukimbia, hakuna mwendo unaowapatanisha saa nane za mchana katika nchi ya joto kali. Kinachowapatanisha ni saa yenyewe. Misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Unyamwezi katika karne ya 19 iliijua habari hiyo. Ilipokaribia Mgunda Mkali, lile pori kavu lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi, ilikuwa na namna yake ya kusafiri iliyoitwa kutirikeza: wapagazi walinywa na kupika penye maji, wakaondoka jua linapopinda, wakatembea hadi usiku, wakalala pasipo maji, wakaamka kabla ya mapambazuko na kufika kwenye maji mapya kabla jua halijakomaa. Hawakuwa na kipima joto wala hesabu ya jasho.

Mwenye pikipiki aweza kuondoka saa kumi na moja alfajiri na kuwa amemaliza kilometa 200 kabla ya saa nne. Toka hapo hadi saa kumi jioni chombo kikae chini ya mkwaju, tairi zisiguse lami inayochemka, na mwenyewe alale. Upepo wa tairi upimwe asubuhi zikiwa baridi. Tairi iliyopata moto huonyesha upepo mwingi kuliko ilio nao kwa kweli, na anayeupunguza mchana hujikuta na tairi legelege kesho yake. Usiku wa giza katika barabara ya ng'ombe, ngamia na malori yasiyo na taa haupendekezwi. Hapo nafuu ya joto hununuliwa kwa bei kubwa mno.

Wallach aliishi maisha marefu. Alilitumikia jeshi la Uingereza wakati wa vita kuu ya pili, baadaye akahamia Marekani, akafanya biashara ya pikipiki Chicago. Mwaka 1973 alihamia Phoenix katika Arizona, mojawapo ya miji yenye joto kali kuliko yote ya nchi ile, ambako tarehe 26 Juni, 1990, kipimo kilifika nyuzi 50, akafungua chuo cha kufundisha watu kuendesha pikipiki. Yeye mwenyewe aliendelea kupanda hadi alipokuwa na miaka 88, macho yalipomkatalia. Alifariki mwaka 1999, siku aliyotimiza miaka 90, na kitabu chake kuhusu safari ya Panther kilichapishwa mwaka 2001.